Komamanga la Chuma: Historia ya Guruneti Ambayo Muvi Hazikuambii

Kila mpenzi wa muvi za vita anaijua hii. Steringi kajibanza nyuma ya ukuta, risasi zinanyesha, anachomoa pini ya guruneti kwa meno, anaitema kando kama kokwa la zambarau, anarusha, na ghafla jengo zima linageuka moto mtupu. Steringi anaondoka taratibu bila hata kugeuka nyuma. Watu ukumbini wanapiga makofi.

Sasa ukweli wenyewe. Pini ya guruneti halisi hukunjwa ncha zake makusudi ili isitoke kirahisi, kwa hiyo anayejaribu kwa meno huenda akabaki na pini mahali pake na jino mkononi. Ule moto mkubwa haupo. Kuna kishindo kikavu, vumbi, moshi kidogo, basi. Kinachoua ni vipande vya chuma ambavyo jicho halivioni vikipita. M67, guruneti ambalo jeshi la Marekani limelitumia tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, linaua aliye ndani ya mita 5, linajeruhi walio ndani ya mita 15, na kipande kimoja kimoja kinaweza kuruka zaidi ya mita 200. Askari wa kawaida analirusha umbali gani? Kama mita 35 hivi. Piga hesabu mwenyewe: chuma kinaweza kurudi hadi kwa aliyekirusha, na kumpita.

Hapo ndipo ilipo stori nzima. Kulipuka lilijua tangu zamani. Kilichowasumbua watu kwa karne na karne ni zile sekunde chache kati ya kiganja cha mrushaji na adui. Likiwahi, umekufa wewe. Likichelewa, jamaa wa upande wa pili analiokota na kukurudishia. Karibu kila aina ya guruneti iliyowahi kutengenezwa ni jaribio la kuzipata sekunde hizo sawasawa, na majaribio mengi yalilipiwa kwa vidole na mikono ya watu.

Tuanze na jina, maana lina utamu wake. Wafaransa waliliita grenade, neno ambalo kwao ni tunda la komamanga. Wahispania nao granada, tunda lile lile. Waarabu mpaka leo wanaliita rummana, yaani komamanga la mkono, na Waisraeli wanasema rimon, komamanga tena. Ganda gumu la duara, ndani limejaa punje zinazosubiri kutawanyika. Kiswahili kilichukua sauti na kuliacha tunda: guruneti. Yaani mtu wa Mombasa anayekula komamanga na mtu anayesikia taarifa ya guruneti redioni hawana habari kwamba wanataja kitu kimoja.

Kabla ya baruti kulikuwa na moto. Dola ya Bizanti, iliyotawala kutoka Constantinople, ambayo leo ni Istanbul, ilikuwa na silaha yake ya siri iliyoitwa moto wa Kigiriki. Ilianza kutumika kwenye vita vya majini katika karne ya 7. Baadaye wakaanza kujaza mafuta ya aina hiyo kwenye vyungu vidogo vya udongo vya kurushwa kwa mkono, na vyungu vya namna hiyo viko kwenye makumbusho mpaka leo. Ukiviona unaweza kudhani ni chupa za manukato.

Wachina ndio walioleta baruti. Kitabu cha kijeshi cha nasaba ya Song cha mwaka 1044 tayari kinaeleza mabomu ya baruti. Karne mbili baadaye, Wamongolia walipovamia Japani mwaka 1274 na 1281, walikuja na matufe ya udongo yaliyolipuka. Kuna michoro ya kale ya Kijapani inayomwonyesha shujaa wao juu ya farasi huku tufe likipasuka hewani mbele yake, na kwa muda mrefu baadhi ya wasomi walidhani mchoraji alitia chumvi. Kisha wapiga mbizi wakayapata matufe yenyewe baharini karibu na kisiwa cha Takashima, kwenye mabaki ya meli za Wamongolia zilizozamishwa na dhoruba. Mchoraji hakutia chumvi.

Ulaya ilipolipokea wazo hili, ililifanya fasheni. Mwaka 1667 mfalme Louis XIV wa Ufaransa aliamuru watu wanne kutoka kila kombania ya kikosi chake wafunzwe kurusha maguruneti, na miaka mitatu baadaye wakapewa kombania yao wenyewe. Waliitwa magrenadia. Hawakuokotwa tu: walitafutwa warefu, wenye mabega, kwa sababu tufe la chuma lililojaa baruti si embe. Walitakiwa pia kuwa na roho ngumu kuliko wenzao. Fikiria kazi yenyewe: unakimbia mpaka karibu kabisa na ukuta wa adui, mkono mmoja una guruneti, mwingine una utambi unaofuka moshi, unawasha, unahesabu kichwani, unarusha. Utambi wa zamani ulikuwa hauna nidhamu. Mmoja unaungua taratibu, mwingine unaungua haraka, na huna namna ya kujua wa kwako ni upi.

Halafu kofia. Askari wa wakati ule walivaa kofia za ukingo mpana, na ukingo ulimsumbua grenadia kila alipotaka kuitupia bunduki mgongoni ili mikono yote iwe huru. Wakashonewa kofia ndefu zisizo na ukingo. Wakagundua pia kwamba kofia ndefu inamfanya mtu mrefu aonekane jitu, na tangu hapo kofia ikawa inapanda tu juu. Wale askari wa Buckingham Palace wanaopigwa selfi na watalii, wenye kofia za manyoya ya dubu? Kikosi chao kimojawapo kinaitwa Grenadier Guards. Jina hilo walipewa mwaka 1815 kwa kuishinda gadi ya Napoleon pale Waterloo. Mwaka 1815 walikuwa hawarushi maguruneti tena! Majeshi yalikuwa yameyaacha tangu katikati ya karne ya 18, kwa sababu vita vilikuwa vimehamia viwanjani, mistari miwili ikipigana bunduki kwa mbali. Guruneti lilikufa, jina na kofia vikabaki kama cheo cha wateule.

Lilipobaki hai ni baharini na kwenye kuta za ngome, mahali ambapo watu wanalazimika kupigana karibu karibu. Maharamia walilipenda. Blackbeard, yule haramia wa ndevu ambaye muvi zimemla mpaka mifupa, aliuawa Novemba 1718 huko Ocracoke, pwani ya Carolina Kaskazini. Saa chache kabla ya kichwa chake kutundikwa kwenye meli ya washindi, watu wake walikuwa wameirushia meli hiyo chupa zilizojazwa baruti na vipande vya risasi. Moshi ulitanda, wakadhani wamewamaliza, wakapanda melini. Wale jamaa walikuwa wamejificha chini ya sitaha wanawasubiri.

Karne ya 19 inachekesha, kama unaweza kucheka kwenye habari za vita. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, jeshi la Kaskazini lilikuwa na guruneti la Ketchum, lililosajiliwa mwaka 1861. Lilikuwa na mkia wenye mabawa ya karatasi ngumu kama mshale wa kuchezea, na halikuwa na utambi. Lilipasuka pale tu pua yake ilipogonga kitu kigumu. Wazo zuri: hakuna kuhesabu sekunde, hakuna kurudishiwa. Mwaka 1863 kwenye mzingiro wa Port Hudson, askari wa Kusini wakatandaza mablanketi. Guruneti likidondoka kwenye blanketi haligongi kitu, linalala pale kama mtoto. Wanalichukua, wanalirudisha kwa waliolileta.

Baada ya hapo watu wengi wa vita walidhani kifaa hiki kimepitwa na wakati. Kilichowaamsha ni vita vya Urusi na Japani, 1904 hadi 1905. Pale Port Arthur pande zote mbili zilichimba, zikasogeleana mpaka kusikia kikohozi cha adui, na bunduki ndefu ikawa haina kazi kwenye kona ya handaki. Wakaanza kutengeneza mabomu ya mkono kwa vyovyote walivyopata. Maofisa wa Ulaya walikuwepo kama watazamaji, wakaandika ripoti nyumbani. Wajerumani walizisoma vizuri. Waingereza wakajibu mwaka 1908 kwa guruneti lililoitwa Namba 1: lina mpini mrefu wa henzirani na utepe wa kitambaa nyuma ili litue kwa pua. Uwanjani lilikuwa zuri. Ndani ya handaki jembamba, askari akirudisha mkono nyuma ili apate nguvu ya kurusha, pua ya guruneti inagonga ukuta ulio nyuma yake. Pua ndiyo iliyokuwa inalipua. Hata huna haja ya adui hapo.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 na majeshi kujichimbia ardhini kutoka mpaka wa Uswisi hadi baharini, guruneti liligeuka kutoka kitu cha makumbusho hadi kuwa mkate wa kila siku. Waingereza walikuwa hawana ya kutosha, na hayo machache waliyokuwa nayo askari waliyaogopa. Wakaanza kutumia makopo ya jamu. Ndiyo, jamu ya kupaka mkate. Kopo tupu, misumari, vyuma chakavu, utambi wa kuwasha kwa kiberiti. Huko Gallipoli, Uturuki, mwaka 1915, askari wa Australia na New Zealand walifungua karakana pwani kabisa, wanakata makopo na nyaya huku mizinga inawapigia juu. Waturuki walikuwa na maguruneti ya chuma ya duara, saizi ya mpira wa kriketi, yenye utambi mrefu kiasi. Mrefu kiasi kwamba Mwaustralia mwepesi wa mkono aliweza kulidaka na kulirudisha, na Mturuki naye akalidaka na kulirudisha tena. Kwenye mapambano ya Lone Pine, Agosti 1915, watu walipigana hivi siku kadhaa ndani ya mahandaki yaliyofunikwa kwa magogo. Waaustralia 7 walipata Victoria Cross pale, nishani kubwa kuliko zote za Uingereza. Waliobaki na viganja bila vidole hawakuhesabiwa kwa namna hiyo.

Mtu aliyebadilisha mchezo alikuwa fundi wa fimbo za gofu. William Mills alizaliwa Sunderland, akafanya kazi ya uhandisi wa meli, akafungua kiwanda cha kuyeyusha na kumimina aluminiamu, na miongoni mwa bidhaa zake zilikuwa fimbo za gofu. Mwaka 1915, akiwa na kiwanda Birmingham, alichukua wazo ambalo kapteni mmoja wa Ubelgiji alishaanza nalo na kulifanyia kazi upya. Wakili wa Mbelgiji angekueleza kisa hicho kwa maneno makali zaidi, na baada ya vita walipelekana mahakamani kweli. Lakini lililotoka Birmingham lilikuwa na kitu ambacho karne zote zilizotangulia hazikuwa nacho: amani ya moyo. Unachomoa pini, hakuna kinachotokea. Maadamu vidole vyako vimekishika kile kipande cha chuma cha pembeni, unaweza kukaa nalo, kusali, kubadilisha mawazo, hata kurudisha pini. Saa inaanza kuhesabu pale tu linapouacha mkono. Hakuna kiberiti, hakuna utambi wa kupulizia chini ya mvua ya Flanders.

Mpaka vita vinaisha yalikuwa yametengenezwa zaidi ya milioni 70. Ile mikato ya nje inayofanya yafanane na nanasi, ambayo kila katuni inaichora, watu wengi wanaamini iliwekwa ili chuma kipasuke vipande vilivyolingana. Mills mwenyewe alisema iliwekwa ili mkono wenye matope usiteleze. Serikali ilimlipa pauni 27,750 kama tuzo ya mvumbuzi na mwaka 1922 akapewa cheo cha Sir. Gofu haikumwachia jina. Bomu lilimwachia.

Wajerumani walichukua njia nyingine: kopo la chuma juu ya mpini wa mbao, kamba ndani ya mpini, vuta urushe. Waingereza waliliita kiponda viazi. Mpini unakupa mita za ziada, na ukitua mlimani hauporomoki kurudi kwako. Tatizo lake ni kubeba: ukijaza kiunoni unatembea kama muuza michi.

Kuna ugomvi mmoja wa wakati huo unaofaa kusimuliwa. Warushaji wa jeshi la Uingereza walianza kuitwa magrenadia, kitu cha kawaida kabisa kwa kuwa ndicho walichokuwa wanakifanya. Grenadier Guards wakakasirika. Jina ni letu, walisema, watu ambao kikosi chao kilikuwa kimelibeba jina karne nzima bila kurusha kitu. Mwaka 1916 walishinda. Waliokuwa wanakufa na maguruneti mkononi ikabidi waitwe wapiga mabomu tu, na wenye kofia wakabaki na jina.

Mmoja wa wapiga mabomu hao alikuwa mchezaji wa mpira. Donald Bell alikuwa mwalimu na beki wa Bradford Park Avenue, na anatajwa kama mchezaji wa kulipwa wa kwanza Uingereza kujiunga na jeshi vita vilipoanza. Tarehe 5 Julai 1916, kwenye mapigano ya Somme, bunduki ya rashasha ilikuwa inawamaliza wenzake. Alinyata kwenye mtaro, kisha akachomoka na kukimbia uwanja wazi kwa mbio za mchezaji, akampiga mshika rashasha kwa bastola na kumalizia waliobaki kwa bomu la Mills. Siku 5 baadaye akajaribu jambo lile lile mahali pengine, akauawa. Alikuwa na miaka 25, na alikuwa ameoa mwezi uliotangulia. Nishani yake ilinunuliwa na chama cha wachezaji wa kulipwa mwaka 2010, na imewekwa kwenye makumbusho ya soka.

Kuhusu mazoezi, ndiko kulikokuwa na vifo ambavyo havikupata hata habari ya gazeti. Kijana wa mjini, mikono inatetemeka, anachomoa pini mara ya kwanza maishani, guruneti linamponyoka na kudondoka kati ya miguu yake na ya mwalimu. Uingereza ilikuwa na nishani ya ushujaa wa nje ya mapigano, Nishani ya Albert, na katika miaka ile ilitolewa mara nyingi kwa walimu waliolirukia guruneti la mwanafunzi, wakaliokota na kulitupa nje, au wakashindwa kuwahi.

Vita Kuu ya Pili ilileta majaribio ya ajabu zaidi. Guruneti la Mills la wakati huo, Namba 36, lilikuwa na sekunde 7. Ufaransa mwaka 1940 ikaonyesha kwamba sekunde 7 ni muda wa kutosha kabisa Mjerumani kuliokota na kulirudisha, wakapunguza hadi 4. Waingereza wakatengeneza jingine la kunata kwenye vifaru, tufe la kioo lililopakwa gundi kali. Lilinata vizuri kwenye suruali ya mrushaji. Idara ya ujasusi ya Marekani, OSS, ikashirikiana na kampuni ya Eastman Kodak, ile ya kamera, kutengeneza guruneti la umbo la mpira wa besiboli, kwa hoja kwamba kijana wa Kimarekani tayari anajua kurusha besiboli. Lilitakiwa kulipuka likigonga. Ajali za majaribio zikaumiza watu wao wenyewe, na mradi ukafa pamoja na vita.

Namba 36 lilibebwa pia na watu wa huku kwetu. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, vijana wa KAR kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, walisukuma Wajapani chini ya Bonde la Kabaw huko Burma, msimu wa mvua, matope magotini. Guruneti lao lilikuwa limepakwa dawa ya kuzuia unyevu, na Namba 36 lilikuwa na herufi M nyuma yake: ikiwakilisha Mesopotamia, kwa sababu lilitengenezwa kwanza kwa ajili ya joto la huko. Msituni sekunde 4 zina hesabu yake. Kwenye mianzi minene guruneti linaweza kugonga shina na kurudi ulikosimama, na askari anajifunza kulipitisha chini chini.

Wakati huo huo, guruneti moja lilishaua mtu mkubwa. Mei 27, 1942, Prague, vijana wawili waliofunzwa Uingereza walimvizia Reinhard Heydrich, mmoja wa wakuu wa Wanazi na mpangaji wa mauaji ya Wayahudi, kwenye kona ambapo gari lake la wazi hupunguza mwendo. Wa kwanza akainua bunduki yake, ikagoma. Badala ya kukimbia, Heydrich akasimamisha gari ili amfyatulie risasi. Wa pili akarusha bomu, guruneti la kuvunjia vifaru lililorekebishwa, likatua karibu na gurudumu la nyuma. Vipande vya gari na manyoya ya farasi yaliyojazwa kwenye viti viliingia mwilini mwa Heydrich. Alikufa Juni 4 kwa maambukizi. Kama umeona muvi ya Anthropoid ya 2016, umeiona. Ambacho muvi haiwezi kukibeba chote ni kijiji cha Lidice: Juni 10 Wanazi walipiga risasi wanaume 173 wa kijiji hicho na kukibomoa, wakidai kinahusika.

Na kuna Okinawa. Machi 1945 Wamarekani walipotua kwenye visiwa vidogo vya pembeni yake, Tokashiki na Zamami, jeshi la Japani lilikuwa limewagawia raia maguruneti. Wazee waliookoka walisimulia maagizo yalivyokuwa: moja la adui, jingine la kwako na familia yako. Familia zilikaa duara. Mengi hayakulipuka, na watu wakatafuta njia nyingine za kufa, wengine wakiuana kwa mikono ya ndugu. Tokashiki peke yake walikufa zaidi ya 300. Mwaka 2007 wizara ya elimu ya Japani ilitaka vitabu vya shule vipunguze sehemu inayosema jeshi ndilo lililosukuma watu kufanya hivyo, na makumi ya maelfu ya watu wa Okinawa wakajaa uwanjani kupinga. Kulikuwa na watu hai kwenye ule umati waliokuwa wamelishika guruneti lile wakiwa watoto.

Vita vya Vietnam vilitoa matumizi ambayo majenerali hawakuyapenda. Kati ya 1969 na 1972 kulikuwa na mamia ya matukio ya askari wa Marekani kurusha guruneti kwenye mahema ya maofisa wao wenyewe. Bastola ina namba na risasi ina alama za mtutu. Guruneti likishalipuka halina alama ya kidole wala mwenyewe.

Ndiyo maana limeishi vizuri sana nje ya majeshi. Ni dogo, linaingia mfukoni, halihitaji mafunzo ya miezi, na linauzwa rahisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa silaha waliokwenda Rwanda walieleza maguruneti yanauzwa kwenye masoko ya Kigali, kwenye meza za matunda, kando ya maembe na maparachichi. Komamanga likarudi genge la matunda. Miezi michache baadaye, Aprili 1994, watu walikimbilia makanisani. Kanisa la Nyamata, kusini mwa Kigali, ni kumbukumbu ya taifa leo. Wauaji waliutumia mlipuko kuufungua mlango uliofungwa kwa ndani, na paa la bati bado lina matundu ya vipande. Mchana wa jua, mwanga unashuka ndani kwa nukta nukta juu ya mabenchi yaliyorundikwa nguo za waliokufa.

Nairobi nayo inajua. Oktoba 24, 2011, siku chache baada ya jeshi la Kenya kuingia Somalia, guruneti lilirushwa kwenye baa moja katikati ya jiji usiku wa manane, na jioni jingine kwenye kituo cha basi. Kijana mmoja Mkenya alikiri mahakamani na kufungwa maisha kabla hata wiki haijaisha. Machi 2012 ikawa kituo cha Machakos Country Bus, watu wakisubiri magari ya jioni. Lile zoea la kunyanyua mikono mlangoni, kupitishiwa kifaa kinacholia pip pip na kufungua begi kabla hujaingia supermarket, ambalo vijana wa leo wanadhani limekuwepo siku zote, lilikolea miaka ile.

Tbilisi, Georgia, Mei 10, 2005, rais George W. Bush alikuwa anahutubia umati mkubwa uwanjani. Mtu mmoja alirusha guruneti la Kirusi lililofungwa kwenye leso nyekundu ya drafti, likadondoka si mbali na jukwaa. Halikulipuka. Leso ilikuwa imelibana lile chuma la pembeni, lisifyatuke kwa nguvu inayotakiwa. Leso hiyo aliitumia ili watu wasilione, ndiyo iliyowaokoa.

Na yale ya 1914 hadi 1918 bado yapo. Kila msimu wa kulima, wakulima wa Flanders, Ubelgiji, na wa Somme, Ufaransa, wanafukua vyuma vya vita vile: makombora ya mizinga, risasi, na mabomu ya Mills yaliyogeuka madonge ya kutu, pini zimeoza, chuma la pembeni limeshikiliwa na udongo tu. Huko wanaita mavuno ya chuma. Mkulima hapigi kelele. Anashuka kwenye trekta, analiokota taratibu au analizungushia alama, analiweka kando ya barabara chini ya nguzo, anapiga simu, anarudi kulima. Gari la jeshi la kutegua mabomu lina ratiba yake ya kupita.